Kutunga na Kufinyanga: Siku ya Kazi ya Mwanamke Msanii wa Pwani

Kitenzi tunga kina kazi nyingi katika Kiswahili. Mwanamke hutunga shanga katika uzi na hutunga asumini ikawa koja. Mvuvi hutunga samaki katika kamba akapata mtungo wa kuuza. Mimba hutunga tumboni. Mshairi naye hutunga beti. Wanaisimu wanaweza kubishana kuhusu ipi kati ya maana hizi iliitangulia nyingine, lakini msemaji wa kawaida hazioni kuwa zimetengana. Katika nyingi kati ya hizo mna vitu vidogo vidogo vinavyoshikanishwa kimoja baada ya kingine kwa subira, hadi kikapatikana kitu kizima. Lugha imehifadhi hapa jambo ambalo historia ya fasihi ya Kiswahili imeelekea kulisahau, nalo ni kwamba utunzi ni kazi. Kwa wanawake wengi wa pwani, utunzi ulikuwa kazi iliyofanywa katikati ya kazi nyingine.

Mhadhara huu unachunguza siku ya kazi ya mwanamke msanii wa pwani kwa kutazama mifano mitatu: Mwana Kupona wa Siyu katika karne ya 19, Siti binti Saad wa Zanzibar katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na Fatuma binti Baraka, aliyejulikana na wengi kwa jina la Bi Kidude. Mfano wa Siti ndio utakaopewa nafasi kubwa zaidi. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi za mikono za wanawake hawa hazikuwa kizuizi tu walichokivuka ili waifikie sanaa. Kazi hizo ziliwapa msamiati, nidhamu na hadhira. Mtafiti anayeutenga wimbo na kazi iliyouzaa hubaki na maneno matupu mkononi.

Wosia wa kitandani

Utendi wa Mwana Kupona uliandikwa mwaka 1858. Mtunzi mwenyewe anautaja mwaka huo kwa hesabu ya Hijria, yaani 1275, na anataja pia kuwa beti zake ni 102. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alikuwa amefariki miaka michache kabla yake. Mtunzi alikuwa mgonjwa. Utendi unaanza kwa mama kumwita binti yake asogee karibu, alete wino na karatasi, akae asikilize. Huu ni ushahidi wa nadra kuhusu mazingira ya utunzi: chumba, kitanda, ugonjwa wa muda mrefu, na binti aliyekaribia umri wa kuolewa.

Mjadala wa wataalamu kuhusu utendi huu umezunguka zaidi suala la utii wa mke kwa mume. Wapo wanaousoma kama fundisho la unyenyekevu, na wapo wanaosikia ndani yake kejeli iliyofichwa. Pande zote mbili zina hoja. Hata hivyo, zote huelekea kuyapita kwa haraka mambo yanayochukua nafasi kubwa katika beti zenyewe: usafi wa nyumba, kuoga, kusuka nywele, kuvaa asumini, kufukiza nguo kwa udi, kujipaka manukato, kutia wanja na hina. Msamiati huu si pambo lililoongezwa juu ya wosia. Ni maarifa ya kazi, yaliyopangwa kwa utaratibu na mtu aliyeifanya kazi hiyo au kuisimamia miaka mingi. Mwana Kupona aliyachukua maarifa ambayo kwa kawaida hupita kutoka mkono hadi mkono, akayatia katika mizani nane za utendi ili yakae kichwani. Mwishoni anawaelekea wanawake wenzake na kuwataka wausome. Alijua hadhira yake ni nani na itaukariri utendi huo wapi.

Wosia wa nyumbani ukawa hivyo mojawapo ya nguzo za ushairi wa Kiswahili. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha pamoja na tafsiri yake, na tangu hapo umesomwa madarasani katika nchi nyingi. Lakini msomaji wa darasani huupata ukiwa umekwisha kutolewa chumbani mwa mgonjwa.

Sauti ya muuza vyungu

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Jina Siti, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu lina maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, na umbali kati ya majina haya mawili ni muhtasari wa maisha yake. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897 alikuwa kijana. Sheria iliwapa watu uhuru bila ya kuwapa ardhi wala hadhi. Kilichobaki kwa binti wa shamba kilikuwa mikono yake na udongo.

Kama wanawake wengi wa kijijini kwake, Siti alifinyanga vyungu. Inafaa kazi hii ielezwe, kwa kuwa wasifu wake mara nyingi huitaja kwa sentensi moja tu na kuendelea. Udongo huchimbwa, hutolewa mawe na mizizi, huloweshwa, kisha hukandwa hadi ulainike. Chungu cha kienyeji hujengwa kwa mkono bila gurudumu, duru juu ya duru, na kuta zake husawazishwa zikiwa bado mbichi. Kisha huanikwa kivulini siku kadhaa, maana jua kali hukipasua. Mwisho huchomwa kwa moto wa wazi, na hapo kazi ya siku nyingi inaweza kupotea kwa mlio mmoja wa ufa. Mfinyanzi hujifunza mambo mawili ambayo mwimbaji naye huyahitaji: kutoiharakisha kazi, na kukubali kuanza upya.

Baada ya kuchoma kulikuwa na kuuza. Siti alibeba vyombo vyake akavinadi, na inasimuliwa kwamba sauti yake ilisikika kabla ya yeye mwenyewe kuonekana, wateja wakajua ni nani anayekuja. Kunadi ni shule. Muuzaji anayepita njiani hana jukwaa wala kimya cha kumsubiri. Ni lazima sauti yake ipite juu ya kelele, maneno yake yaeleweke mara moja, na asiimalize pumzi yake kabla ya mwisho wa njia. Hakwenda skuli, lakini kufikia takriban mwaka 1911, alipohamia mjini, alikuwa na mafunzo ya miaka mingi ya aina hii.

Mafunzo mengine aliyapata mjini. Ali Muhsin, mpiga udi, aliisikia sauti yake akamfundisha. Jambo hili lisisitizwe, kwa sababu masimulizi ya watu hupenda kuieleza sauti ya Siti kuwa ni kipaji alichoshushiwa. Kipaji alikuwa nacho. Lakini pia alikaa chini akafundishwa, akafanya mazoezi, akakariri nyimbo. Taarabu, iliyokuwa imeingia kasrini wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ilikuwa muziki ulioimbwa kwa Kiarabu, na vyama vyake vya mwanzo mjini, kama Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905, vilikuwa vya wanaume. Mwanamke mfinyanzi kutoka shamba alikuwa anaingia mahali ambapo hakuna kiti kilichowekwa kwa ajili yake.

Dhihaka hazikukosekana. Ulitungwa wimbo wa kumkumbusha kwamba alikuja mjini akiwa amevaa kaniki, vazi lililohusishwa na watumwa na mafukara, na kwamba pasipo sauti asingekuwa na chakula. Siti alijibu kwa wimbo, akatanguliza tabia na akili mbele ya sura na nasaba. Wanaomkumbuka husifu adabu ya jibu lake. Yafaa pia kutazama dhihaka ilichokusudia. Mtunzi wake alifikiri kwamba kumtaja mtu kwa kazi yake ya mikono kunatosha kumwangusha.

Nyumba ya Ng'ambo

Siti aliishi Ng'ambo, upande wa mji waliokaa watu wa kawaida, wakiwamo wengi waliotoka katika utumwa. Pamoja naye walikuwamo wanamuziki kama Subeit Ambar, Mbaruk Talsam, Budda Swedi na Maalim Shaaban. Nyumba yake ilikuwa mahali pa mazoezi na baraza ya jioni kwa wakati mmoja. Majirani walikuja wakiwa wamemaliza kazi zao na walileta habari: fulani kadhulumiwa, hakimu kahukumu hivi, tajiri kamtenda mtumishi wake vile. Habari zikazungumzwa, na baadhi yake zikawa nyimbo.

Utaratibu huu wa kila siku ndio unaoeleza tabia ya Kiswahili cha nyimbo zake. Ni lugha ya mazungumzo iliyobanwa katika vina, yenye mafumbo yanayoeleweka na mtaa mzima. Wimbo wa Kijiti ni mfano mashuhuri. Unahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka, na adhabu ikawaangukia walioitwa kutoa ushahidi. Katika wimbo huo swali la haki linaulizwa na watu wasio na wakili. Hadhira ya barazani haikuwa ya kusikiliza tu, bali ilishiriki kuamua habari gani inastahili kuimbwa na kwa upande wa nani. Kwa hiyo mtu anayeuliza Siti alipata wapi hamasa ya nyimbo zake anajibiwa na ratiba ya jioni zake.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya HMV. Kwa kawaida hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa namna hiyo. Santuri za wakati huo zilibeba takriban dakika 3 kwa kila upande. Wimbo ambao barazani uliweza kurefushwa kadiri watu walivyotaka ulipaswa sasa kuanza na kwisha kabla ya sindano kufika mwisho. Kilichopatikana ni sauti iliyosafiri hadi miji na vijiji ambavyo Siti hakuwahi kufika. Kilichokatwa ni maswali ya majirani, vicheko, na aya zilizoongezwa usiku uleule. Santuri ilihifadhi wimbo bila ya kuihifadhi baraza.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa hilo taaluma ya Kiswahili ina deni kwake, kwani wachache walidhani wakati huo kuwa maisha ya mwanamke wa shamba yanastahili kitabu. Shaaban Robert alimwandika zaidi kama kielelezo cha maadili. Kuielezea kazi yake kama kazi ni jukumu lililoachiwa waliokuja baadaye.

Ngoma, hina na wanja

Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliurithi mkondo huo wa Siti na kuuendeleza kwa njia yake. Ulimwengu wa nje ulimfahamu kwa majukwaa, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Nyumbani Unguja alifahamika pia kwa kazi nyingine. Alitengeneza hina na wanja, na alikuwa kungwi aliyewafunda wari katika unyago. Ngoma aliyoipiga jukwaani ilikuwa ni ileile ya unyagoni, ambako wimbo ni somo na mwimbaji ni mwalimu. Hadhira ya kigeni iliona mkongwe wa ajabu. Wanawake waliofundwa naye walimwona somo wao akiwa kazini. Hapa pia umbali na Mwana Kupona si mkubwa kama unavyodhaniwa: hina, wanja, na mwanamke mkubwa anayemfunza mdogo namna ya kuishi.

Hitimisho

Wanawake watatu waliotajwa wana majina. Wengi zaidi hawana. Nyimbo za lelemama, za unyago, za kutwangia na za kubembelezea watoto zimejaa katika makusanyo, na mbele ya nyingi yameandikwa maneno mawili: mtunzi hajulikani. Mara nyingi maneno hayo hayasemi ukweli. Mtunzi alijulikana na jirani zake, na aliyekusanya hakuuliza. Aliuliza wimbo unasemaje akaondoka na jibu.

Mwanafunzi anayekwenda uwandani leo anaweza kuuliza zaidi. Nani aliutunga, na aliishi kwa kazi gani? Mikono yake ilikuwa inafanya nini maneno yalipomjia? Alikuwa na saa gani ya siku iliyokuwa yake? Nani alikuwa wa kwanza kuusikia, na alimrekebisha wapi? Maswali haya hayahitaji chombo cha gharama, bali yanahitaji kukaa. Tena yana haraka, kwa kuwa wanaoweza kuyajibu ni wazee, na kila msiba wa mmoja wao hufunga mlango ambao hakuna santuri itakayoufungua.

Chungu kikivunjika, vigae vyake hubaki ardhini, na mchimbaji wa kale akivipata huweza kueleza kilifinyangwaje na kilipikiwa nini. Wimbo hauachi vigae. Ushahidi wa namna ulivyotungwa umo kwa aliyekuwapo, na hubaki naye muda wote anaoishi, asipotokea wa kumuuliza.