Ukame Peke Yake Hauleti Njaa: Somo la Unyanyembe na Shinyanga

Mwanafunzi wa historia akisimama Kitete, Tabora, yuko katika mji uliokuzwa na njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Kaskazini yake ziko mbuga za Shinyanga, ambazo zimewahi kuitwa jangwa. Wengi hulaumu mvua. Maelezo hayo hayatoshi. Lazima tuulize: nguvu kazi na ardhi vilikuwa mikononi mwa nani?

Katika karne ya 19, kila kiangazi maelfu ya vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, na kazi nyingi za shamba wakaachiwa wanawake na watumwa. Miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe, na Januari 1893 Wajerumani walivunja utawala wa Mtemi Isike. Mifugo na watu walipopungua, vichaka vilirudi, na mbung'o wakafuata. Vita vya 1914–1918 vilichukua tena wapagazi na chakula.

Mwingereza alijibu kwa amri: watu wakusanywe wakwepe malale, na huko Shinyanga misitu ifyekwe. Mbung'o walipungua, lakini miti nayo ikatoweka. Pamba na mifugo vikaongezeka juu ya udongo uliobaki uchi.

Hapa lazima tujikosoe. Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yaliwe kiangazi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikusudia shule, maji na zahanati. Hata hivyo, familia zilizohamishwa ziliacha ngitili zao bila mlinzi. Nia ilikuwa ya ukombozi, lakini njia ilifanana na ya mkoloni: amri bila kumsikiliza mfugaji.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ulisisitiza vitalu vya miche. Ulipojifunza kwa wazee, ngitili zilifufuka, kutoka hekta zipatazo 600 hadi zaidi ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Ushindi huo haujamaliza mgongano. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa hunufaika zaidi na ngitili kuliko jirani yake asiye na kitu. Majani yanaweza kurudi na unyonge ukabaki.

Basi kada afikapo kijijini, asiishie kupima mvua. Aulize ardhi ni ya nani, nani alishauriwa, na kiangazi kikizidi, nani atakuwa wa kwanza kuuza ng'ombe wake wa mwisho.