Mhimili

Lori la barabara ya Bunda–Musoma likipanda mizani, kinachotajwa kwanza ni ekseli. Silikatai neno hilo; mafundi wamelizoea. Ila tunalo pia mhimili, nalo linaeleza kazi yenyewe: ni kitu chenye kuhimili. Shina hilohilo la Kiarabu ndilo lililotupa himila, yaani mzigo, na hamali anayeubeba.

Chukua tingatinga la tani 30 linalopelekwa kwa lori machimbo ya Buhemba, wilayani Butiama. Tuseme limeegemea mihimili miwili ya lori, wa mbele na wa nyuma. Kitovu cha uzito wake kikiwa theluthi moja ya umbali kati ya mihimili hiyo, kutoka ule wa nyuma, mhimili wa nyuma hubeba tani 20 na wa mbele 10. Lisogeze kidogo tu, mgawanyo wote unabadilika, ilhali tingatinga ni lilelile.

Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania Machi 2019, haikuishia kwenye ukomo wa jumla wa tani 56. Imeuwekea kila mhimili ukomo wake. Lami huumia pale gurudumu linapokanyaga.

Magazeti yetu huandika mhimili yakitaja Bunge na Mahakama. Natamani wahandisi nao walitumie barabarani.