Mkeka wa Ukindu
Ifakara, Bonde la Kilombero

Mkeka huu ulianza na makuti machanga ya mkindu, mti unaopenda penye majimaji. Hukaushwa, huchanwa chane nyembamba, nyingine huchemshwa kwenye rangi, kisha husukwa ukili mrefu. Ukili ndio unaoshonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Wageni wengi husifu rangi. Sisi tunakuomba utazame mishono kwanza. Msusi hodari huificha hata nakshi za ukili mmoja zikutane sawasawa na za mwenzake. Majimaji anayoyapenda mkindu hayakosekani huko: bonde la mto Kilombero, linalofurika wakati wa mvua, ni ardhioevu inayotambuliwa na Mkataba wa Ramsar tangu 2002. Harusini na msibani hutandikwa mkeka huohuo. Huu, tafadhali, usiukanyage.