Njia Isiyo na Wino

Programu za kuchorea huja na maumbo yaliyokwisha kutengenezwa: mstatili, duara, nyota, mshale. Korosho haimo. Nasema korosho ya kanga, ile yenye tumbo nene chini na ncha iliyopinda juu. Ukiitaka utaichora mwenyewe kwa zana iitwayo kalamu, na kitakachotoka hakitakuwa mstari, ingawa kwenye kioo kinaonekana kama mstari. Madizaina wengi hukiita pathi, kama walivyokipokea kutoka Kiingereza. Kwa Kiswahili nakiita njia, na sababu zangu si za kupenda usanifu tu.

Mstari una unene na una rangi. Njia haina kimojawapo. Muundo wa SVG, ambao W3C, shirika la viwango vya wavuti, waliupitisha rasmi mwaka 2001, huhifadhi michoro kwa maandishi, kwa hiyo faili lake hufunguka katika programu yoyote ya kuandikia na njia ikasomeka kwa macho. Utakuta herufi M na namba mbili: iweke kalamu hapa. L na namba mbili: nyoosha hadi pale. C huja na namba sita, kwa sababu kupinda kunahitaji maelezo zaidi. Z ni amri ya kurudi ulikoanzia. Hayo ni maelekezo ya safari, na humo ndani hakuna wino. Rangi na unene wa ukingo huandikwa pembeni. Ukivibadilisha, njia haitikisiki.

Mkata stika analijua hili kuliko sisi sote. Kisu cha plota, mashine yake ya kukatia, hakioni rangi, kinafuata njia. Mpelekee jina la duka ulilolinenepesha kwa ukingo mpana, kisu kitapita katikati ya ukingo huo na herufi zitatoka zimekonda. Njia mbili zikilaliana bila wewe kujua, kisu kitapita palepale mara mbili na stika itachanika. Mchoro kwenye kioo ulikuwa mzuri tu.

Turudi kwenye korosho, ambayo ncha yake imepinda kuelekea kushoto. Bofya kwenye ncha bila kuburuta. Hapo umepata kona kali. Nenda kwenye mgongo, pale ulipotokeza zaidi upande wa kulia, bofya na uburute kwenda chini. Vijiti viwili vitachomoza, kimoja juu ya nukta na kingine chini yake. Shuka hadi kwenye kitako, bofya na uburute kwenda kushoto. Panda hadi tumbo lilipotokeza upande wa kushoto, buruta kwenda juu. Kisha irudie ncha ulikoanzia na uvute kijiti kimoja tu kuelekea kulia: upande wa kushoto utabonyea chini ya ncha, na korosho imekamilika.

Nukta nne zimetosha. Nukta hizo ni nanga, jina lisilohitaji kutetewa pwani. Vile vijiti naviita vishikio, maana ndivyo mkono unavyovishika. Ukikivuta kishikio, mpindo unafuata bila wewe kuugusa. Kishikio chenye urefu wa karibu theluthi ya umbali hadi nanga inayofuata huleta mpindo laini mara nyingi, na nanga hukaa vizuri pale umbo lilipofika mwisho wake, juu, chini, kushoto na kulia. Iachie programu ifuatishe picha ya kanga yenyewe, nayo itamwaga nanga kila mahali, na kila moja itakuwa kituo cha kisu kusitasita. Ubora wa mchoraji wa njia naupima kwa nanga alizoziacha nje.

Hesabu inayopinda njia kati ya nanga mbili ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa, ambako bodi ya gari ilipaswa kuelezwa kwa namba ili mashine iweze kuifuata. Paul de Casteljau aliipata akiwa Citroën mwaka 1959, na kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier, mhandisi wa Renault, aliifikia kivyake na kuichapisha miaka ya 1960. Ndiyo maana leo tunasema mpindo wa Bézier, huku de Casteljau akibaki na jina kwenye kanuni ya kuukokotoa. Adobe waliutia mpindo huo katika lugha ya PostScript mwaka 1984, na mwaka 1987 programu yao ya Illustrator ikampa kalamu mchoraji asiyelazimika kujua hesabu hata moja. Asiye na fedha ya leseni ana Inkscape, iliyoanza mwaka 2003 na isiyolipiwa hadi leo.

Kichekesho ni kwamba mpindo huu, uliochora magari na herufi tunazosoma, hauwezi kuchora duara kamili. Duara unaloliona kwenye programu nyingi ni nanga nne zenye vishikio vya urefu wa karibu 0.55 ya nusu kipenyo. Kosa lake halifiki sehemu 3 katika 10,000 za nusu kipenyo hicho, na jicho halina habari.

Kuna mahali ambapo neno njia linatutega. Korosho yetu imerudi ilikoanzia, kwa hiyo tutataka kusema njia imefungwa. Lakini mtu wa kawaida akiambiwa njia imefungwa anatafuta pa kuzungukia, maana kuna shimo, msafara au maji yamejaa. Wanaisimu wameshalitatua jambo hili kwenye silabi: wana silabi funge na silabi wazi. Tuwaazime. Korosho ni njia funge; mkia wa herufi uliochorwa ukaachwa hapo ni njia wazi.

Sarufi inatufaa mara ya pili kwenye herufi O, yenye njia mbili funge, ya nje na ya ndani, zinazohesabiwa kuwa kitu kimoja. Hiyo ni njia ambatano, kama sentensi ambatano, kwa sababu kila sehemu ingeweza kusimama peke yake. Changamano haifai, kwani hakuna sehemu inayoitegemea nyingine.

Na hapa ndipo mstari unapokosa kabisa sifa ya kuwa tafsiri ya pathi. Njia ina kwenda na kurudi. Kwa kanuni inayotumika sana, programu ikitaka kujua kama mahali fulani patiwe rangi, hutoka hapo moja kwa moja hadi nje ya umbo ikihesabu njia inazozikata: inayopita kuelekea upande mmoja huongeza moja, inayopita kuelekea upande wa pili hupunguza moja. Jumla ikiwa sifuri, hapana rangi. Tundu la O hubaki tupu kwa sababu njia ya nje inafuata mwendo wa saa na ya ndani inakwenda kinyume chake. Zikizunguka upande mmoja, jumla ni mbili na tundu linazibwa. Likikutokea, usiichore O upya. Chagua njia ya ndani peke yake, kisha tafuta kwenye menyu amri ya kugeuza mwelekeo.