Usumaku na Sauti za Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 1928, Mjerumani Fritz Pfleumer alipopaka unga wa chuma juu ya ukanda wa karatasi ili ukanda huo uhifadhi sauti, aliukabidhi muziki kwa madini ambayo Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zimejaaliwa kwa wingi: Liganga ya Ludewa, iliyohesabiwa katika mkoa wa Iringa hata ulipoundwa mkoa wa Njombe mwaka 2012, ina mwamba wa chuma wenye usumaku wa asili, na kimondo cha Mbozi, kilichokuwa cha mkoa wa Mbeya kabla ya kuzaliwa Songwe mwaka 2016, ni chuma kwa sehemu tisa katika kumi.

Amma katika ukanda, usumaku ndio unaobeba sauti, na usumaku uo huo ukikaa mahali pasipo pake ndio unaoidhulumu. Hedi ya mashine, yaani kile kipande kinachosoma sauti katika ukanda, madhali ni ya madini na ukanda huipitia kutwa, hubakiwa na usumaku kidogo kidogo, na taksiri huzidi fundi anapoigusa kwa bisibisi yenye sumaku; hapo mvumo kama wa upepo huongezeka, na sauti nyembamba za juu hufutika, si kwa kuchezwa mara moja, bali kila ukanda unapopita.

Kwa muziki wa huku, hasara hiyo si ndogo. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, alikusanya muziki wa Wahehe wa Iringa pia, na makusanyo yake yakawa msingi wa maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoiasisi Afrika ya Kusini mwaka 1954. Wahehe ndio wenye ligombo, ubao uliofukuliwa mfano wa kihori na kutandazwa nyuzi, ambao utamu wake wote umo katika mlio mwembamba wa uzi unapokwanyuliwa. Ukiondoa mlio huo, ligombo hubaki jina tu.

Dawa yake ni koili yenye umeme wa mkondo geu: mashine huzimwa, kanda zote huwekwa mbali, koili husogezwa kwenye hedi, kisha huondolewa taratibu mno, na hadhari kuu ni kwamba isizimwe ingali karibu, kwani hedi itaachwa na usumaku mwingi kuliko wa awali. Studio za redio ziliifanya kazi hii kama ada.

Nyumbani mambo yalikuwa mbali na hayo. Kaseti ya Philips ilipozuka mwaka 1963 na hatimaye kufika vijijini, redio kaseti nyingi za bei nafuu zilifuta ukanda kwa kipande cha sumaku ya kudumu, njia iachayo mvumo katika ukanda wenyewe. Nazo ziliendeshwa kwa betri, katika vijiji ambavyo aghalabu havikuwa na umeme wa kuchomekea koili. Kwaya, ngoma za harusi na maneno ya wazee waliokwisha kufariki vilirekodiwa hivyo, na naona ni haki kusema kwamba kama sauti hizo zimefifia, lawama si ya waliozirekodi.

Siku hizi wapo wanaouza mashine za kuondoa usumaku katika santuri na sidii, wakiahidi sauti safi zaidi. Santuri ni plastiki, na sidii ni plastiki yenye utando wa alumini, ambayo haishiki sumaku. Ahadi hiyo haina mashiko. Mwenye fedha ya kutunza sauti na aitumie kwa kaseti iliyomo sandukuni huko Kalenga au Tukuyu: asafishe hedi kwa spiriti, aiondoe usumaku, na ndipo aicheze kaseti hiyo, mara moja, akiihamishia katika kompyuta.