Tahadhari Kabla ya Athari

Wahenga walituachia usemi mfupi: tahadhari kabla ya athari. Tunaukariri tangu utoto. Hata hivyo, ukiisoma historia ya visiwa vyetu utaona kwamba mara nyingi athari ndiyo iliyotangulia, na tahadhari ikafuata nyuma baada ya watu kuzikwa.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sayyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili katika utawala. Vyombo vilivunjika bandarini, minazi iling'oka, na sehemu kubwa ya mikarafuu ikalala chini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baadaye ikashika nafasi ya kwanza katika zao la karafuu. Historia iliyoandikwa huzungumza zaidi juu ya mikarafuu hiyo na merikebu zilizopotea kuliko juu ya watu walioezuliwa mapaa. Wala hapakuwa na chombo chochote kilichowekwa mahsusi kuwasaidia. Aliyepotewa na nyumba alimtazamia jirani yake, na jirani naye huenda alikuwa amepotewa vilevile.

Msaada uliopangwa na kuwekewa chama una historia yake, nayo ilianza kwa majirani hao hao. Mwezi Juni 1859, baada ya vita vya Solferino huko Italia, wanawake wa mji wa Castiglione waliwauguza majeruhi bila kujali walipigania upande gani. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva, alikuwapo. Aliona kwamba huruma ilikuwa tele, ila mafunzo, bandeji na mpango havikuwapo, na kwa sababu hiyo watu walikufa ambao wangeweza kupona. Kutokana na wazo lake, mwaka 1863 ilianzishwa kamati iliyozaa Msalaba Mwekundu. Shabaha yake ilikuwa kuwafunza watu wa kujitolea wakati wa amani, ili siku ya msiba isiwakute mikono mitupu. Tanganyika ilikitungia sheria chama chake cha Msalaba Mwekundu mwaka 1962, na leo wanachama wake wa kujitolea wako visiwani pia.

Mtihani mkubwa zaidi wa zama zetu ulikuja usiku wa kuamkia Jumamosi, 10 Septemba 2011. Meli ya MV Spice Islander I iliondoka Unguja kuelekea Pemba, ikiwa imejaa watu na mizigo, siku chache baada ya Idi. Ilizama katika mkondo wa Nungwi. Waliookoka walielea juu ya magodoro na chochote kilichoweza kuelea. Miongoni mwa wa mwanzo kuwafikia walikuwa wavuvi wa Nungwi pamoja na wenye boti za kuchukulia watalii. Hawakuwa askari wala waokoaji wa kazi, bali watu wanaoijua bahari yao. Mjini, katika viwanja vya Maisara, miili ililazwa ili jamaa waitambue. Watu wa kujitolea walishika machela, wakawatuliza waliofiwa na kuwasaidia waliokuwa wakitafuta watu wao.

Lakini liko jambo ambalo mvuvi hawezi kulitengeneza kwa kasia lake. Hakuna aliyejua kwa hakika ni watu wangapi waliopanda. Chombo kilichoruhusiwa kuchukua abiria wapatao 600 kilibainika kuwa na watu zaidi ya 2,000. Miili iliyopatikana ilikuwa 203, ilhali uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 ulionesha kwamba waliokufa na kupotea walizidi 1,500. Msomaji atazame pengo lililoko baina ya hesabu hizo mbili. Ni watu zaidi ya elfu moja waliokuwa na majina, na ambao hawakuandikwa ipasavyo pale gatini. Orodha ya abiria yaonekana karatasi tu mpaka siku mama anapokuja kumuulizia mwanawe.

Somo halikuingia upesi. Tarehe 18 Julai 2012, mwaka mmoja haujatimia, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, na wavuvi wakatweka tena.

Baadaye zilikuja hatua. Mwaka 2015 Zanzibar ilitunga sheria ya kukabiliana na maafa. Na mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema na boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Wako walionung'unika kwa kukwama gatini. Wasafiri wa Septemba 2011 hawakupata mtu wa kuwakwamisha.

Sisi watu wa visiwani twajua maana ya fardhi kifaya. Maiti akizikwa na wachache, wengine wamesalimika. Asipozikwa, lawama ni ya mji mzima. Kwa mazishi hatungoji kuombwa: sanda hupatikana, na kaburi huchimbwa kabla jua halijatua. Laiti tungeiweka kazi ya tahadhari katika daraja hiyo hiyo. Kijana anayejifunza kumtoa maji aliyezama, karani anayekataa kuongeza abiria mmoja zaidi, nahodha anayehesabu maboya kabla ya kung'oa nanga: hawa nao wanatutekelezea fardhi yetu, nao wanawahudumia watu wangali hai.