Namna ya kumtambua mtengenezaji wa kalamu kongwe ya wino kutoka Uingereza

Kalamu ya wino iliyotengenezwa Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mara nyingi humfikia mmiliki wake wa leo bila sanduku wala stakabadhi. Huachwa miongoni mwa vitu vya marehemu au hukutwa mnadani ikiwa imechanganywa na vikorokoro vingine. Swali la kwanza huwa ni nani aliyeitengeneza. Jibu lake husaidia kukadiria thamani ya kalamu, na pia humwongoza mmiliki asije akaiharibu kwa kuisafisha vibaya.

Nibu si kitambulisho

Wengi huanza kwa kusoma nibu, na hapo ndipo kosa huzaliwa. Nibu nyingi za Uingereza zimeandikwa "WARRANTED 14 CT". Maneno hayo yanahusu dhahabu tu. Hayamtaji mtengenezaji wa kalamu. Nibu za namna hiyo zilitumiwa na viwanda mbalimbali pamoja na mafundi wa kukarabati kalamu. Isitoshe, nibu huchomolewa kwa urahisi. Nibu yenye jina mashuhuri inaweza kuwa imepachikwa katika kalamu ya bei nafuu, na kalamu bora inaweza kubaki na nibu isiyo na jina.

Maandishi ya kwenye kiwiliwili

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni maandishi yaliyogandamizwa kwenye kiwiliwili cha kalamu. Yakiwa yamefifia, kalamu huinamishwa chini ya mwanga wa upande mmoja na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Haifai kuing'arisha kwanza, kwani kung'arisha huondoa maandishi yenyewe.

Kampuni ya Conway Stewart, iliyoanzishwa London mwaka 1905 na Frank Jarvis na Thomas Garner, iliandika jina lake na mara nyingi namba ya toleo, kama vile 28 au 58. Kalamu za Onoto zilitoka kwa De La Rue, kampuni ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki huenda wakaikumbuka kwa sababu nyingine: ndiyo iliyochapa noti za Kenya kwa miaka mingi.

Namba ya hataza nayo husaidia. Kuanzia mwaka 1916, Uingereza ilianza mfululizo mpya wa namba za hataza uliofuata baada ya 100,000. Namba hiyo huonyesha kwamba kalamu haikutengenezwa kabla ya uvumbuzi husika, ingawa inaweza kuwa ilitengenezwa miaka mingi baadaye.

Jina la kalamu na jina la kiwanda

Jina lililoandikwa huenda lisiwe la aliyeitengeneza. Kalamu za Stephens, zilizobeba jina la kampuni maarufu ya wino, zilitengenezwa na Langs wa Liverpool, ambao pia walitoa kalamu za Summit. Platignum lilikuwa jina la biashara la kampuni ya Mentmore. Swan lilikuwa la Mabie Todd, kampuni yenye asili ya New York ambayo kalamu zake zilitengenezwa pia Uingereza. Hata Parker, kampuni ya Marekani, ilikuwa na kiwanda katika mji wa Newhaven, kusini mwa Uingereza.

Namna ya kujaza wino na malighafi

Wenzo mdogo wa pembeni, unaobana kifuko cha mpira kilichomo ndani, ulitumiwa na kampuni nyingi, hivyo peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Pampu ya Onoto ni ya kipekee zaidi: fundo la mwisho wa kalamu huvutwa nje, kisha husukumwa ndani, na wino huingia kwa msukumo mmoja. Swan nao walikuwa na kalamu isiyo na wenzo, ambayo mwisho wake huzungushwa.

Malighafi huhitaji tahadhari. Eboniti, yaani mpira uliokazwa kwa salfa, hugeuka rangi ya kahawia kwa mwanga na unyevu. Kaseini, plastiki itokanayo na maziwa ambayo Conway Stewart waliitumia, hufura ikilowekwa majini. Seluloidi hushika moto upesi, kwa hiyo kuipima kwa sindano ya moto ni hatari. Kalamu ambayo bado haijatambuliwa hupanguswa tu kwa kitambaa kikavu.

Mihuri ya dhahabu na fedha

Pete au ganda la dhahabu au fedha halisi huweza kuwa na mihuri midogo. Kichwa cha chui humaanisha kwamba madini yalipimwa London. Nanga humaanisha Birmingham. Herufi iliyo kando huonyesha mwaka wa upimaji, na herufi za kwanza za majina humtaja aliyewasilisha kitu hicho kupimwa.

Utambuzi hukamilika pale maandishi, njia ya kujaza wino, malighafi na mihuri vinapokubaliana. Vikipingana, yamkini kalamu imeunganishwa kwa vipande vya kalamu mbili. Muuzaji anayetaja jina kubwa kwa kuonyesha nibu peke yake hajathibitisha lolote, na mnunuzi ana haki ya kuomba aonyeshwe kiwiliwili kabla ya kutoa fedha zake.